Karatasi ya Benchi la Nyuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Na ninyi wa benchi la nyuma kabisa, pale karibu na mlango, ninyi mnaoitikia mkiwa mmeketi, Bwana asifiwe! Ninyi nitawarudia. Ushuhuda huu ni wenu kuliko ulivyo wangu.

Nimeuandika kwa sababu najijua. Mdomo wangu ukishika moto hurusha hata yasiyofaa, na wazee wa kanisa wameniomba nisizidishe. Basi nitasoma. Atakayeona haya aangalie dirishani.

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, ilikuwa asubuhi, katika zahanati yetu. Nilikuwa kwenye foleni. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mwenye mtoto wa homa. Nyuma ya kaunta alikuwa Mzee Ndegwa, dresa wetu, mfunga vidonda, yule tunayemwita daktari kwa sababu hatuna mwingine. Alishika rula kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alivuta karatasi kutoka kwa rundo, akaweka rula juu yake, na kabla hajairarua nikaona maandishi. Wino wa zambarau. Nilikuwa nimeutafuta wino ule kwa majuma matatu!

Nikasema, "Mzee, hiyo karatasi usiikate."

"Kwani ni ya baba yako?"

"Nataka kipande cha chini tu."

"Karatasi ni karatasi, mke wa kijana. Rudi kwa foleni."

Na akairarua. Kraa! Akakunja vidonge sita ndani yake, akampa yule mama.

Ndugu zangu, nilipanda kaunta. Mimi, mke wa mtu, mama wa watoto wawili. Wanawake wakapiga kelele, "Uui! Uui!" Nikaruka, nikatua juu ya mbao nikiwa nimekalia daftari lake la dawa, nikalikumbatia lile rundo la karatasi kama mtu aliyeokoa mtoto kwa moto. Na niliporuka, mkojo ulinitoka. Mbele ya foleni yote. Ukalowesha daftari. Nikabaki pale juu, nimelowa, na sikushuka mpaka nilipopata karatasi moja nzima.

Sasa niwaambie jinsi nilivyofika juu ya kaunta.

Mnajua mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu husema nilizaliwa nikimwangalia mkunga kwa jicho la pembeni. Nilisoma hadi kidato cha pili katika shule ya harambee, na kitu kimoja nilichopata huko ni kusoma kila kinachopita mbele yangu, hata gazeti lililofungia nyama. Nikaolewa na Githinji, ambaye hubeba mizigo ya wazungu wanaopanda mlima kutoka Naro Moru. Nikaokoka. Katika ushirika wetu mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo, na nikiruka, vumbi lilijua.

Halafu nikamzaa wa pili. Mtoto mkubwa, kichwa kama boga, siku nzima na nusu ya uchungu. Kwetu mwanamke akizaa hulishwa uji siku chache, halafu mto unamwita. Juma la tatu nilikuwa tayari nimevaa mukwa, ule mkanda wa ngozi tunaouweka kwa paji la uso kubebea mzigo mgongoni, na debe la maji limeniinamisha mpaka naona visigino vyangu.

Mwanzo lilikuwa tone. Nikicheka, tone. Nikikohoa, tone. Mnajua ukungu wetu wa mwezi wa saba, nani hakohoi? Nikiinua debe, halikuwa tone tena. Nikaanza kukunja nepi kuukuu za mtoto na kuzivaa mimi. Nikaacha kunywa chai, na Mkikuyu akikataa chai watu huuliza amekosana na nani. Mkojo ukawa mchache, mweusi, unanuka kuliko kwanza. Nikajipaka mafuta ya mkaratusi, nikawa nanuka kama mgonjwa wa mafua. Kulala na mume wangu nikaogopa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndugu zangu!

Na nikaacha kuruka.

Hapo ndipo taabu ya pili ilipozaliwa. Sisi katika ushirika tuna desturi ya kutembea nuruni. Mtu akipoa, hatumwachi. Tunamwuliza mbele ya wote ameficha nini, mpaka aungame. Ni desturi nzuri, imeponya ndoa nyingi. Lakini Mama Yunisi, mwenyekiti wetu, aliniangalia miguu yangu iliyotulia na akajua jambo moja tu.

"Dada, mbona miguu yako imefungwa? Ni nini umefunika?"

Nikasema sina kitu.

"Roho hadanganywi, dada."

Juma la kwanza wakaniombea. La pili wakaniombea wameshika magoti yangu. La tatu nikachoka. Ningesema nini? Niseme mbele ya wanaume na wanawake, pamoja na shemeji yangu anayepiga ngoma, kwamba nikiruka najikojolea? Basi nikatafuta dhambi. Nilitafuta dhambi kama mtu anayetafuta sindano kwa nyasi, na nikachukua iliyokuwa karibu. Nikasimama nikaungama kwamba namchukia mama mkwe wangu.

Waliimba! Walinikumbatia mpaka nikaogopa watanibana nitoe tone. Leo naungama mbele yenu kwamba niliungama uongo. Mama Yunisi, uko hapo, unanitazama. Ulipokea dhambi ambayo haikuwepo, na ile shida iliyokuwepo hukuiona.

Siku nne baadaye nilikuwa nje nikimenya viazi, nikaona mama mkwe anakuja. Hapandi mlima wetu bila sababu. Maitu, ndivyo ninavyomwita, maana kwetu ndilo jina la mama. Hakuketi.

"Mama Kariuki, ati unanichukia?"

Kisu kikaniponyoka.

"Nimesikia sokoni. Kwa mtu wa vitunguu. Nimekukosea nini? Nilikuletea njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, ukiwa umezaa. Yalikuwa na mawe?"

Nikalia. Nikamwambia yote pale pale, viazi vikiwa kwa mapaja. Mkojo, nepi, magoti yaliyoshikwa, dhambi niliyoitunga. Akanisikiliza uso umekunjamana, nikangoja matusi. Ndugu zangu, yule mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango, akapishanisha miguu, akafumba macho.

"Ona sasa," akasema, "umenikojoza."

Nikamwangalia.

"Hata wewe, Maitu?"

"Tangu mtoto wangu wa nne. Kwani unafikiri tunakaa benchi la nyuma kwa sababu ya unyenyekevu?"

Jumapili iliyofuata niligeuza shingo, mchungaji akihubiri, nikaangalia lile benchi. Jua lilikuwa kali, lakini kila mmoja pale amefunga sweta kiunoni. Kila mmoja amekaa mahali ambapo hatua mbili zinamtoa nje. Mmoja alipiga chafya, na wale wawili wa kando yake wakakaza nyuso kana kwamba ni wao. Miaka yote nimekuwa nikiimba nikiwa nimewapa mgongo! Nikaona nafasi kwenye benchi, mwishoni, ya mtu mmoja. Nikajua ni yangu. Nikasema, sitaketi pale.

Nikaenda zahanati. Mzee Ndegwa alinisikiliza akiwa ameangalia kalenda ukutani.

"Hiyo ni ya uzazi," akaiambia kalenda. "Itakwisha ukikoma kuzaa."

Nikamwuliza, "Na hawa mabibi waliokoma zamani, yao mbona haijakwisha?"

Akanipa vidonge vyeupe vilivyokunjwa kwa karatasi. Nikamwuliza ni vya nini. Akasema ni vya hiyo kazi. Vya kazi gani? Vya hiyo. Nikashuku. Nikiwa njiani nikavifungua, nikavinusa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kusoma hata kilichofungia nyama, nikasoma karatasi. Ilikuwa na wino wa zambarau. Juu iliandikwa: *Mazoezi ya mama baada ya kujifungua. Kwa mama anayevuja mkojo akikohoa au akiinua mzigo.*

Nilikaa chini kando ya barabara.

Dawa yangu ilikuwa imefungia vidonge visivyo vyangu! Ikaendelea: *Kaza misuli ya chini, hesabu hadi tano, legeza.* Na hapo karatasi ikaisha, imekatwa kwa rula, sawasawa kama mkate.

Kaza vipi? Misuli gani? Mimi mkazo wa huko chini niliufundishwa na mtu mmoja tu, mkunga, na alinifundisha kusukuma. Basi nikasukuma. Asubuhi, mchana na jioni, nimeshika pumzi mpaka masikio yanalia, nahesabu hadi tano kama mtu anayezaa upepo. Baada ya majuma mawili nilikuwa navuja hata nikitembea. Nikasema, unaona? Hata karatasi ni mwongo.

Lakini nilimwonyesha Maitu. Akaiangalia juu chini, hajui kusoma, akasema, "Wino huu niko nao." Akaingia ndani akatoka na kikaratasi alichohifadhia mbegu za malenge. Kilikuwa kipande cha pili! *Fanya kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja. Vuta kwa ndani na juu. Usi*

Usi nini? Karatasi ilikatika tena. Usi nini, ndugu zangu? Vipande vyote vya karatasi za vidonge nilivyoomba kwa majirani vilikuwa vimewashia moto au vilikuwa vya juu kama changu. Ndiyo maana asubuhi ile nilikuwa kwenye foleni. Ndiyo maana nilipanda kaunta.

*Usisukume chini. Usishike pumzi.* Ndivyo ilivyosema ile nzima.

Sasa mtadhani niliamini. Sikuamini! Nilijiuliza, ni dawa gani isiyo na chupa wala sindano? Dawa ya kukaza na kulegeza, hata kuku hufanya. Nikashuku kwamba serikali imekosa dawa ikaamua kuwapa wanawake hesabu. Nikamchukua Maitu tukaenda hospitali kubwa ya mjini Nyeri kudai dawa ya kweli, karatasi yangu nikiwa nimeikunja kifuani.

Tukampata muuguzi mmoja, Sista Muringo, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu. Alipoona karatasi, alishtuka. "Hizi tulizichapa sisi. Tulipeleka marundo kwa zahanati zote, kila mama aliyezaa apewe yake. Mbona umekuja na moja umeikumbatia kama hati ya shamba?"

Nikamwambia mbona.

Kisha akapima mkojo wangu. "Hauna ugonjwa. Vile vidonge havikuwa vyako." Akanipima mwenyewe, mlango umefungwa, akaniambia nikaze. Nikasukuma kama kawaida yangu. "La! Unamzaa nani?" Akachukua mfuko wake wa kamba, akavuta kamba mdomo ukajifunga, akauinua. "Hivi. Funga, halafu inua. Tumbo limelala, pumzi inatembea, uso hauna habari." Nilipoupata ule msuli nilishangaa. Ulikuwa dhaifu kama mkia wa ndama mchanga, lakini ulikuwepo. Nilidhani umekufa.

Nikamwambia, "Sista, mnatuficha dawa."

"Unataka sindano? Niko nazo sanduku zima. Nikudunge wapi, na ya nini?"

Maitu akacheka. Kisha akapishanisha miguu.

Sista akasema nifanye mara tatu kwa siku, kila mara mikazo kumi, na nisitarajie kitu kabla ya miezi mitatu. Ninywe maji na chai kama mtu mwingine, kwa sababu mkojo mzito huchokoza kibofu. Nikitaka kukohoa au kuinua kitu, nikaze kwanza. Debe nilipunguze liwe nusu, niende mara mbili. Nisijizoeze kwa kukatakata mkojo chooni.

Maitu naye alipimwa, na yake ilikuwa zaidi: mji wa mimba ulikuwa umeshuka. Nikasema sasa watampasua. Hapana! Sista aliingiza pete laini ya kuushikilia juu, na akamwambia awe anarudi waiangalie na kuisafisha. Maitu alimshuku kuliko nilivyoshuku mimi. "Mzee wangu alinioa kwa mbuzi," akamwambia Sista, "sikuvishwa pete. Sasa ndiyo navishwa, na mahali penyewe ni hapa?" Lakini aliteremka kile kitanda akatembea hadi dirishani na kurudi, polepole, mkono tumboni. Akatembea tena.

Mimi sikuwa na bahati ya siku moja. Nilikaza nikikamua ng'ombe. Nilikaza kwenye foleni ya maziwa. Mchungaji, nisamehe, nilikaza mahubiri yako yote ya Kwaresima. Juma la sita, hakuna kitu, nikajua nimechezewa. Nikaendelea kwa hasira tu. Kisha siku moja nikafika kutoka mtoni, nikatua debe, nikaenda kubadilisha nepi yangu kama kawaida, na ilikuwa kavu. Nikaigeuza. Kavu! Nikashuku. Nikatoka nje nikakohoa makusudi, kikohozi cha mzee wa tumbaku. Kavu! Nikaketi kwenye ngazi nikasema, Bwana, ni wewe? Na sikulia, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kukasirika.

Niseme kweli yote. Sijawa msichana. Nikishikwa na mafua makali, tone linaweza kunitembelea. Lakini nepi zimerudi kwa mtoto, chai imerudi kwangu, nami nimemrudia mume wangu. Na leo mmeniona nikiimba. Mmeona vumbi.

Nimeomba miaka miwili nikilia, Bwana niponye. Na jibu lilikuwa limeshaletwa. Lilikuwa juu ya kaunta, likikatwa vipande vinne kwa rula. Namshukuru Mungu kwa jibu. Kwa rula sijashukuru.

Nilimwendea Mzee Ndegwa. Alikuwa ameshakausha daftari lake juani. Akaniambia, akiiangalia kalenda yake, "Bahasha za dawa hazikuletwa. Ningekunja na nini? Na hayo maneno yaliyoandikwa pale, wewe ni mke wa mtoto wa rika langu, yaani mkwe wangu. Ningeyatamka vipi mbele yako?" Ndugu zangu, nusu ya aibu ile ni yangu pia. Mimi niliona afadhali kutangaza chuki kuliko kutamka mkojo. Lakini aibu yangu ilimwumiza mama mmoja, Maitu, nami nimemwomba msamaha. Yake imeketisha wanawake benchi zima. Nikamwuliza marundo mengine yakija atafanya nini. Akasema, "Tutaona." Mtu akiniambia tutaona, mimi huona mapema.

Wazee wa kanisa walinishauri niache kushtaki, ati mambo ya ndani hayapelekwi kwa serikali. Nikawauliza, ni ndani ya nani? Nikaenda. Karani wa ofisi ya afya ya wilaya alisoma mstari wa kwanza, akaona haya, akasema haya si malalamiko, ni mambo ya wanawake. Nikamwambia apige muhuri, kwenye nakala yangu pia, nikimwona. Akapiga. Nikakaza, nikashuka ngazi.

Dada zangu wa nyuma, siwaiti mbele kwa nguvu. Najua hatua zenu mbili. Nawaambia tu kwamba msuli haujafa, na Mungu aliyeuumba hatashtuka mkiutaja. Aminini hilo, kisha mshuku mengine yote mnavyotaka. Karatasi nimeibandika kwa uji juu ya kadibodi, nami nitaisoma kila Alhamisi nyumbani kwa Maitu. Mama Yunisi, karibu pia. Sikuulizi kwa nini siku hizi unakaa karibu na mlango wa pembeni.

Nilichoandika ofisini ni hiki, nakisoma kama kilivyo:

*Kwa Afisa wa Afya wa Wilaya. Kuhusu: Karatasi za akina mama kukatwa.*

*Bwana, mimi ni mama wa watoto wawili. Nalalamika rasmi kwamba katika zahanati yetu karatasi za mazoezi zilizoletwa ili kila mama aliyejifungua apewe, zimekuwa zikikatwa kwa rula na kufungia vidonge. Nalalamika pia kwamba nilipewa vidonge bila mkojo wangu kupimwa, na kwamba niliambiwa ugonjwa wangu ni wa uzazi, nisubiri tu mpaka nikome kuzaa. Una tiba. Nimepona kwa kiasi kikubwa.*

*Naomba bahasha za dawa ziletwe. Naomba karatasi mpya ziletwe, nzima. Naomba siku moja kwa juma mwanamke awe nyuma ya kaunta ile, kwa sababu kuna maneno ambayo mzee wetu hawezi kutuambia, na hatuwezi kumwambia.*

*Nakiri kwamba nilipanda kaunta na kuharibu daftari. Nitaeleza nikiitwa.*

*Nimeambatanisha vipande viwili vilivyokatwa, kimoja kikiwa na mbegu ya malenge iliyogandamana, kama ushahidi. Karatasi nzima sikuiambatanisha. Bado inatumika.*